Je, Chema Chajiuza? Habari za Aniceti Kitereza na Mafundi wa Pande za Mwanza

Katika methali za lugha yetu iko moja ipendwayo sana na wazee, nayo ni hii: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nami nimeifundisha mara nyingi darasani, na watoto wameiandika katika madaftari yao kwa hati nzuri. Lakini tangu nilipoanza kuchunguza habari za watu wa pande hizi za Ziwa waliotunga vitabu, na waliochonga, na waliochora, na waliocheza ngoma, nimeingiwa na shaka juu ya methali hii. Leo nataka kuwaeleza shaka yangu, nanyi mnipime kama nasema kweli.

Kwanza niungame kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mpya nilifundisha katika shule moja ya kijiji, ambayo sitaitaja. Kijana mmoja wa darasa la tatu alifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu, fahali mwenye nundu na pembe ndefu, akamweka dirishani akauke. Wenzake wakajazana kumtazama hata hawakusikia kengele. Nikakasirika, nikamwamuru akamtupe nje, arudi afanye hesabu zake. Akamtupa. Hesabu zake hazikuwa nzuri zaidi kwa ajili hiyo, wala sikumwona tena akifinyanga kitu chochote. Wazazi walinisifu, wakasema, "Mwalimu, ndivyo ifaavyo, tumewaleta watoto wasome, si wachezee udongo." Sifa hiyo niliipokea, na hata sasa yanikera moyoni.

Kwa maana twasoma katika kitabu cha Kutoka habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza ustadi wa kufua dhahabu, na kukata vito, na kuchonga miti, apate kuitengeneza Hema. Tena liko jambo ambalo wengi hulipita bila kuliangalia: pamoja na ustadi wa mikono alipewa moyo wa kuwafundisha wengine. Bezaleli hakupewa ufundi ili aufungie nyumbani kwake. Alipewa ili wenziwe waone, wajifunze, nao wafanye.

Wasukuma walilijua jambo hili zamani, kabla ya shule kujengwa katika nchi yao. Wachezaji wa ngoma wa Usukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, na wazee husimulia kwamba vyama hivyo vilianzishwa na mafundi wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, vikundi viwili hukutana uwanja mmoja, navyo hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Anayetoa hukumu ni watu wenyewe kwa miguu yao: kikundi kilichowavuta watazamaji wengi ndicho kilichoshinda, na kile kilichoachwa peke yake na ngoma zake kimeshindwa.

Basi angalieni maana yake. Kiongozi wa ngoma hawezi kulala. Mwaka huu ameshinda kwa wimbo mpya; mwaka ujao mwenzake ataleta sanamu za miti zinazochezeshwa, au atacheza na chatu mkubwa shingoni. Bugobogobo nayo huchezwa kwa majembe yanayorushwa juu na kudakwa, kazi ya shamba ikageuka kuwa mchezo. Na mtoto aliyesimama katikati ya uwanja, asiyejua aende kushoto au kulia, tayari yumo shuleni. Macho yake yapima kazi mbili kwa pamoja, masikio yake yalinganisha nyimbo mbili, naye akirudi nyumbani atapiga debe kama ngoma na kujaribu yale aliyoyaona. Hivyo ndivyo mchezaji wa kesho azaliwavyo. Ndiyo maana wazee walisema pia, Mcheza kwao hutunzwa. Lakini hawezi kutunzwa asiyetoka nje akaonekana.

Tena walikuwako Bayeye, waganga wa nyoka, ambao walichora picha juu ya kuta za nyumba za chama chao, wakawafundisha wanachama wapya kwa picha hizo. Bwana Hans Cory, aliyechunguza mila za Tanganyika kwa kazi ya serikali, alizipiga chapa habari za picha hizo katika kitabu mwaka 1953. Twajua sote nyumba ya udongo hukaa muda gani. Mvua hunyesha, mchwa hupanda, ukuta huanguka, na picha huanguka pamoja nao. Picha iliyonakiliwa yaweza kutazamwa hata leo. Ile ambayo hakuna mtu aliyeinakili imerudi kuwa udongo pamoja na ukuta wake, wala hakuna kijana atakayejifunza kwayo.

Sasa twende Bujora. Kutoka mjini Mwanza kwa njia ya Musoma, mwendo wa kilometa kama 20, mtu hufika Kisesa, na karibu na Kisesa ndipo mahali hapo. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mtu wa Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza pamoja na Wasukuma wenyewe kukusanya habari, nyimbo na vyombo vya kale vya nchi hii. Kanisa la Bujora lilijengwa la mviringo kwa kufuata nyumba ya mtemi, ili Msukuma aingiapo asijione mgeni. Na mwaka 1968 likafunguliwa jumba la makumbusho ya Wasukuma. Lakini kusema "jumba" hakutoshi, maana ni nyumba nyingi: iko nyumba ya vitu vya watemi, ambayo umbo lake ni la kiti cha enzi, iko ya vyama vya ngoma, iko ya mhunzi na ya mganga, na boma la kikwetu pamoja na vyombo vyake.

Wakati wenyewe ulikuwa wa hatari. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa utawala wa watemi. Sisemi habari za siasa hapa. Nasema habari za ngoma, viti, taji na mikuki ambayo ilikuwa na watunzaji wake kwa vizazi vingi, na ghafula kazi ya watunzaji hao ikakoma. Vitu kama hivyo huuzwa kwa wageni, au huliwa na mchwa, au hutupwa na wajukuu wasiojua maana yake. Vilivyoingia Bujora vimesalia. Mwanafunzi wa kuchonga aendaye huko aweza kuizunguka ngoma ya mtemi, akaona jinsi fundi alivyoukata mti na kuiwamba ngozi, akaenda kwake kujaribu. Na kila mwaka mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Mwili wa Bwana, hufanywa huko mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo, maana yake maua. Bagika na Bagalu hukutana tena, na watoto wa shule hupata kuona yale ambayo babu zao waliyaona. Hivyo katika mahali pamoja kijana hukuta kazi ya jana iliyotulia ndani ya nyumba, na kazi ya leo inayotifua vumbi uwanjani.

Lakini nimeahidi kueleza shaka yangu juu ya ile methali, na shaka hiyo ilitoka kisiwani Ukerewe.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mtu wa ukoo wa wafalme wa Ukerewe. Katika utoto wake alikaa karibu na kikao cha Mukama Mukaka, akasikia maneno ya wazee, na hadithi, na mashauri ya watu wazima waliokuja kwa mfalme. Mwaka 1905 alitiwa katika shule ya misioni ya Kagunguli, kisha mwaka 1909 akavushwa Ziwa kwenda seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akakaa huko miaka kama 10. Hapo alijifunza Kilatini na Kijerumani pamoja na Kiswahili, akasoma vitabu vya watu wa mbali, akaona jinsi taifa linavyoweza kuwekwa ndani ya kitabu likadumu, hata wenyewe wakiwa wamekufa zamani.

Hakuwa padre. Alirudi duniani mwaka 1919, akaoa, akaishi na mkewe Anna kwa uaminifu, lakini hawakujaliwa kubaki na watoto nyumbani mwao. Msomaji akumbuke neno hili, maana litarudi. Baadaye akafanya kazi ya misioni Kagunguli, akiandika na kufasiri. Katika kazi hiyo aliona kwamba wazee waliozijua desturi za zamani walikuwa wakifa mmoja mmoja, na maneno mengi ya Kikerewe yalikuwa yakizikwa pamoja nao. Padre Almas Simard wa Kanada alimtia moyo aziandike desturi hizo. Kitereza akatafakari aziandike namna gani. Orodha ya desturi, aliona, haitasomwa na vijana. Hadithi itasomwa. Basi akaamua kutunga hadithi ndefu, na ndani yake akatia kilimo na uvuvi, uganga na matanga, posa na ndoa, salamu na matusi, kama vile vitu hivyo vinavyokutana katika maisha ya mtu.

Hadithi hiyo ni ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliopendana sana na hawakuwa na mtoto. Ndugu wa mume walimdharau mke. Wazazi wa mke wakaja kumchukua binti yao. Myombekere hakuoa mwingine. Alikwenda ukweni kuomba, akatozwa pombe ya ndizi, akahangaika kuipata kwa msaada wa watu wema, hata akarudishiwa mkewe. Kisha wakatafuta dawa, na mwisho wakapata Ntulanalwo, mtoto wa kiume, na Bulihwali, mtoto wa kike. Nani asiyeona ya kuwa mtu aliyeandika maneno haya alijua nyumba isiyo na sauti ya mtoto? Vitabu vya Rubya vilimfundisha namna ya kuandika, na wazee wa Ukerewe wakampa habari za kuandika. Lakini moyo wa hadithi ulitoka nyumbani kwake mwenyewe.

Aliimaliza kazi hiyo kwa Kikerewe mwezi wa Februari 1945, naye alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Nafikiri mtakubali ya kuwa ilikuwa kitu chema. Je, ilijiuza?

Haikujiuza. Padre Simard aliipenda, akataka ifasiriwe kwa Kifaransa na kupigwa chapa, lakini alifariki kabla kazi hiyo haijatimia. Maandiko yakakaa. Wapiga chapa hawakutaka kitabu kikubwa katika lugha ya kisiwa kimoja, maana walihesabu wanunuzi wakaona ni wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Bwana Gerald Hartwig, aliyekuwa akichunguza historia ya Wakerewe, na mkewe Charlotte. Walimkuta mzee na maandiko yake, wakastaajabu, wakasaidia kumtafutia njia. Njia ilikuwa moja tu: kiwe Kiswahili. Basi mzee huyu wa zaidi ya miaka 70 akakaa tena mezani, akaifasiri kazi yake yote mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa kitabu mwaka 1980. Tangu 1945 hata 1980 ni miaka 35. Na mwaka 1981, kabla ya nakala kumfikia, Aniceti Kitereza akafariki. Hakukishika kitabu chake mkononi.

Wasomaji wangu, hapo ndipo niliposimama na ile methali, nikashindwa kuendelea.

Labda mtu atasema kwamba zama zile hazikuwa na nafasi kwa mtu mweusi mwenye kipawa, kwa hiyo kazi ya Kitereza ilikuwa lazima ingoje. Sivyo kabisa. Tuvuke Ziwa hili hili mpaka ng'ambo ya pili, Uganda. Huko Makerere, mwaka 1937, Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha kuchora na kuchonga barazani kwake. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya waziige. Aliwasimulia habari, za kijijini au za Maandiko Matakatifu, nao wakachora yale waliyoyaona moyoni. Tena hakuziweka kazi zao kabatini. Mwaka 1938 alizionyesha kwa watu wote Namirembe, na mwaka 1939 zikaonyeshwa London. Aliangalia pia makumbusho ya Uganda, ambamo wanafunzi waliweza kuona vyombo vilivyofanywa na mafundi wa nchi yao.

Katika wanafunzi wa shule hiyo alitoka Sam Ntiro, mtu wa Machame chini ya Kilimanjaro. Alisoma Makerere katika miaka ya 1940, akaenda London kuzidisha ujuzi, akarudi kuwafundisha wengine. Na Tanganyika ilipopata uhuru akatumwa London kuwa balozi wake. Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, na picha hiyo imo katika jumba kubwa la sanaa za kisasa huko New York.

Pombe ya ndizi! Mchaga alichora wanaume wakiipeleka kwa bibi arusi, na Mkerewe alikwisha andika habari za mume akiipeleka ukweni, zaidi ya miaka 10 kabla. Kazi ya mmoja ilivuka bahari. Kazi ya mwenziwe ilikuwa imelala katika lugha iliyokataliwa na wapiga chapa. Sioni ya kuwa moja ilikuwa njema na nyingine mbaya. Naona ya kuwa Ntiro alikuwa na shule, na wenzake wa kufanya nao kazi, na maonyesho, na watu waliozoea kuja kutazama. Kitereza alikuwa na padre mmoja, naye padre alikufa.

Nani alipata hasara? Kitereza alipata, bila shaka. Lakini iko hasara nyingine, nayo yanihuzunisha zaidi mimi niliye mwalimu. Mwaka 1944, wakati Kitereza alipokuwa akikaribia kuimaliza hadithi yake, alizaliwa kisiwani humo, katika kijiji cha Namagondo, mtoto aitwaye Euphrase Kezilahabi. Mtoto huyo alikua, akajifunza kusoma, akasoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1971 akatoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi, Rosa Mistika, kinachosimulia habari za msichana wa Ukerewe. Baadaye akawa mmoja wa watunzi wakubwa wa lugha yetu, na alipofariki mwaka 2020 wasomi wa nchi nyingi walimlilia. Katika miaka yote ya kusoma kwake hakuna shule iliyokuwa na kitabu cha Kitereza rafuni, kwa kuwa kitabu hakikuwako bado. Kijana wa Ukerewe aliyependa kusoma aliweza kupata hadithi za Waingereza na za Wayunani. Hadithi kubwa ya kisiwa chake ilikuwa karibu naye, naye hakuweza kuinunua wala kuiazima.

Hata hivyo moto haukuzimika. Gabriel Ruhumbika, naye ni mzaliwa wa Ukerewe, wa mwaka 1938, na ni mtunzi mwenyewe wa hadithi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yeye aliyarudia maandiko ya Kikerewe ya mzee, akayafasiri kwa Kiingereza, na tafsiri yake ikatoka Dar es Salaam mwaka 2002. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Wajerumani walikwisha kuanza kukisoma kwa lugha yao. Basi mtoto wa kisiwa alimbeba mzee wa kisiwa mgongoni. Kazi iliyoonekana ilimwamsha mtunzi mwingine, kama uwanja wa ngoma unavyomwamsha mtoto aliyesimama katikati.

Kwa hiyo nasema, chema hakijiuzi peke yake. Chema chataka mtu wa kukionyesha, na mtu wa kukitazama, na mtu wa kukisoma kwa sauti ili wasiojua kusoma nao wasikie. Wazee wetu walitunga methali yao kwa ajili ya soko, ambapo bidhaa zote zimekwisha tandazwa chini mbele ya macho ya wanunuzi. Hawakusema ya kuwa kitu kilichofungiwa sandukuni kitajiuza.

Yafaa tufanye nini? Sisi walimu tusiwe wepesi wa kuamuru vitu vitupwe. Meza moja karibu na mlango wa darasa haina gharama. Na iwekwe hapo kazi ya kila mtoto aliyefinyanga, aliyesuka au aliyechora, wenzake waione. Shule zilizo karibu na Kisesa zipeleke watoto Bujora, nao wakirudi wasiulizwe tu walichokiona, bali wapewe udongo na mti wajaribu. Wazazi nao, mtoto akiuliza babu yake alicheza ngoma ya chama gani, wasimwambie ni mambo yaliyopita.

Na wewe msomaji, labda katika nyumba yako liko sanduku, na ndani yake liko daftari la baba yako au la babu yako aliyekuwa katekista au karani, aliyeandika nyimbo, au nasaba, au habari za kijiji. Litoe usiku huu. Waite watoto, uwasomee ukurasa mmoja.